Kibati Kinasema Manchester

Nenda makumbusho ya reli, pale nyuma ya stesheni ya Nairobi, siku ya Jumamosi utawapata. Wazee wa Kiingereza, mara nyingine Wajerumani, kofia ya jua kichwani na tochi ndogo mkononi. Hawaangalii injini kwa juu kama watoto wa shule walioletwa na basi. Wanapiga magoti kwenye nyasi, wanaingiza kichwa chini ya behewa, wanafuta grisi iliyokauka kwa kidole gumba na kusoma herufi zilizomiminwa pamoja na chuma kiwandani. Kisha wanaandika kwenye kijitabu: nani aliunda, mji gani, mwaka gani. Wanaondoka na furaha ya mtu aliyepata jina la nyanya ya nyanya yake.

Mimi sina shida na hao wazee. Afadhali wao wanauliza. Shida yangu ni kwamba swali lao likifika kwenye kibati cha kiwanda linasimama, na sisi wenyewe, tuliozaliwa mita chache kutoka kwa hizo reli, tumekubali lisimame hapo. Kibati kinasema Manchester, basi ni Manchester. Tunapiga selfi, tunaenda kula chipo.

Kibati kinasema nusu tu. Bogi iliyotoka Uingereza mwaka wa 1955, ikafunguliwa na kufungwa tena Nairobi mara zisizohesabika, ikachongwa, ikachomelewa, ikabadilishwa breki na springi na beringi, hiyo si ya Manchester peke yake. Anayetaka kuandika aliyeiunda na aache nafasi kwenye kijitabu chake, maana nusu nyingine ya jibu iko Muthurwa, Makongeni na Landhies. Na hiyo nusu inazikwa kila mwezi, na hakuna aliyeiandika.

Bogi, si mbogi

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe, kwa sababu mtaani ukisema bogi watu wanasikia mbogi, wanafikiri unaongelea wasee wako. Bogi ni ile fremu ya chuma iliyo chini ya behewa, yenye magurudumu manne au sita, ekseli zake, springi na breki. Behewa refu linakalia bogi mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na kila moja inazunguka kwenye pini yake ya katikati. Ndiyo maana treni inakata kona bila kutoka kwa reli. Behewa bila bogi ni kibanda tu.

Ulaya na Marekani kuna watu ambao wikendi yao yote inaishia kwa kutambua magurudumu ya tramu za zamani. Tramu nyingi zilikufa vipande vipande: mwili wa mbao ukauzwa uwe stoo ya shamba, vyuma vya chini vikaenda njia nyingine. Miaka mingi baadaye mtu anapata fremu yenye kutu kwenye yadi fulani, na swali linaanza: hii ni ya nani? J. G. Brill wa Philadelphia aliuza fremu zake hadi mabara mengine, na ile yake ya 21E wapenzi wa tramu wanaijua kama wewe unavyojua jezi ya timu yako. Kama kibati kimeibiwa, wanasoma chuma chenyewe. Wanapima umbali kati ya ekseli. Wanaangalia kama fremu ilifuliwa kwa moto, iliunganishwa kwa ribiti au ilichomelewa. Springi ni za koili au za majani? Wanafungua kifuniko cha boksi la ekseli, kwa sababu mara nyingi jina hubaki hapo hata kibati kikienda. Wanasugua ukingo wa gurudumu wakitafuta muhuri wa aliyefua chuma.

Hiyo ni kazi safi, ni upelelezi kamili. Na ndani yake kuna kanuni moja ambayo nataka uishike vizuri, kwa sababu nitairudia hadi uchoke: jina haliendi tu kwa aliyechora wala kwa aliyeuza. Linaenda pale mikono ilipofanya kazi.

Raismes ilipewa haki yake

Ushahidi uko hapo hapo makumbusho. Kuna injini namba 6006, Garratt ya daraja la 60. Hizo ndizo zilizopewa majina ya magavana, na yake ilikuwa Sir Harold MacMichael, aliyewahi kuwa gavana wa Tanganyika. Baadaye vibati vya magavana vilitolewa kwenye daraja lote. Hiyo ni hadithi nyingine, ingawa ingetutosha kama funzo: mtu aliona jina kwenye chuma ni siasa, akachukua spana.

Daraja hilo lilikuwa na injini 29, zote ziliagizwa kwa Beyer, Peacock, kampuni kubwa ya Gorton, Manchester. Lakini 12 za kwanza Beyer, Peacock hawakuziunda wenyewe. Walizipeana kwa Société Franco-Belge, kiwanda cha Raismes, kaskazini mwa Ufaransa. Kwa hivyo 6006 ilichorwa Manchester, oda ikalipwa Manchester, na mikono iliyoikaza bolti ilikuwa ya Wafaransa. Sasa jaribu kusema mbele ya mpenda reli yeyote kwamba 6006 iliundwa Manchester. Atakurekebisha kabla hujamaliza sentensi. Hapana rafiki, hiyo ni Raismes.

Nampongeza. Yuko sahihi kabisa. Mafundi wa Raismes walivuja jasho, wapewe jina lao, hata kama mchoro haukuwa wao. Lakini sasa nauliza: kanuni hii inayovuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa bila pasipoti, mbona ikifika Mombasa inanyimwa viza?

Injini ya toroli

Nairobi haikuwahi kuwa na tramu. Kitu kilichokaribia tramu zaidi nchini kilikuwa Mombasa, na kilikuwa cha aina yake.

Mwaka wa 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, ile ya William Mackinnon, ilianza kujenga reli nyembamba ya futi 2 kuelekea bara. Ilienda kama maili 7 hivi, kisha ikaachwa. Vyuma havikutupwa. Viling'olewa, vikatandazwa kwenye kisiwa cha Mombasa, na juu yake yakapita matoroli. Toroli lilikuwa jukwaa dogo lenye viti, paa la turubai na magurudumu manne. Maofisa na wenye uwezo walikuwa na njia zao za pembeni hadi mlangoni kwa nyumba. Wakati Wazungu wa miji mingine walikuwa wakibishana kuhusu farasi na umeme, Mombasa ilikuwa na jibu lake: wanaume wawili, mikono kwenye fremu, wanakimbia nyuma ya abiria kwenye jua la Pwani. Hali ikawa hivyo miaka na miaka, mpaka magari ya petroli yalipoyaondoa matoroli barabarani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Tafuta postikadi za wakati huo. Anayeketi amevaa nyeupe, kofia ngumu kichwani. Wanaosukuma wamevaa kanzu. Upana wa reli unajulikana hadi inchi ya mwisho. Kampuni iliyoleta vyuma inajulikana. Aliyepiga picha mara nyingi ameandika jina lake pembeni. Wale wawili wa nyuma hawana chochote, na wao ndio walikuwa injini.

Linganisha na injini za mvuke. Garratt ya daraja la 59, kwa mfano, ile namba 5918 Mount Gelai inayopigwa picha kila siku makumbusho: tani 252, magurudumu 28, ziliundwa 34, kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja duniani. Nimeandika hayo yote bila kufungua kitabu, kwa sababu yamerudiwa mara elfu. Yaani injini ikiwa ya chuma tunajua uzito wake, ikiwa ya nyama na mifupa hakuna aliyeona haja ya kuandika hata jina. Huko si kusahau, bana. Kuna mtu aliamua ni nani anastahili kibati.

Landhi

Hebu turudi Nairobi. Reli ya mita moja ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika hapa 1899 na Kisumu 1901. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 wakafa. Hayo tunafundishwa, na ni sawa. Tusichofundishwa ni kilichofuata, yaani zaidi ya miaka 100 ya kuzuia hicho chuma kisife.

Nairobi ilizaliwa kama yadi na karakana. Karakana inataka watu, na watu wanataka mahali pa kulala. Eastlands unayoiimba kwenye ngoma zako ilianza hivyo, kama landhi za wafanyakazi: Muthurwa, Makongeni, na barabara ya Landhies ambayo bado imebeba neno lenyewe. Chumba kimoja, familia nzima ndani, choo cha wote nje. Mshahara wa reli ya mkoloni ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mtu angeweza kujua gurudumu kuliko bosi wake na bado akaandikwa msaidizi wa msaidizi.

Mimi nilifika mwaka wa tatu wa uhandisi kabla ada hazijanishinda. Kwenye chuo nilichosomea, historia ya mashine ilikuwa mhadhara mmoja na slaidi nyingi: Watt, Stephenson, Diesel. Hakuna hata slaidi moja ya karakana ya Nairobi, ambayo ungefika kwa mathree moja na kutembea kidogo. Ni kama kusomea mapishi miaka mitatu na hakuna anayekuonyesha jikoni ya kwenu.

Shule yangu ya bogi ikawa mzee mmoja wa Makongeni, jirani ya shangazi yangu. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama anapita pembeni na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba, alisema, lenye ufa linakohoa. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya behewa la zamani na kibati chake, nikamwambia kwa kujiamini, “Mzee, hii bogi ni ya Uingereza, ona mwaka.” Akashika simu, akaivuta karibu na jicho.

“Kibati ni cha behewa,” akasema. “Bogi unaijuaje?”

“Si ziko pamoja, mzee?”

“Kijana wangu, behewa likiingia karakana linanyanyuliwa, bogi zinatolewa, zinaenda kazi yake. Behewa haliwezi kungoja hapo. Linawekewa zile ziko tayari. Hizi zako zinaweza kuwa zilitoka kwa behewa lililogongwa huko Sultan Hamud.” Akanirudishia simu. “Ukitaka kujua, uliza aliyezifunga.”

Soma tena hilo jibu la mwisho. Mzee asiyejua kuna wazungu wanaoandikiana barua kuhusu ribiti amenipa kanuni yao yote, tena bora kuliko wao. Kibati cha behewa hakikuambii bogi ni ya nani. Aliyeifunga ndiye anajua.

Na kuna hesabu nyingine ndogo ambayo sijaona ikifanywa. Injini za 59 ziliundwa 1955 na 1956. Kiwanda cha Beyer, Peacock pale Gorton kilifungwa mwaka wa 1966. Lakini hizo injini ziliendelea kuvuta mizigo hapa Kenya hadi miaka ya 1970. Mama mzazi alikufa, mtoto akaendelea kufanya kazi ya kubeba tani mlimani kwa zaidi ya miaka 10. Nani alikuwa anamlisha? Spea haziangukagi kutoka mbinguni. Unamaliza zilizo stoo, unachinja injini moja kuokoa nyingine, na zinazobaki unazimimina na kuzichonga mwenyewe. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: Beyer, Peacock walijua kazi. Basi wapeni haki na wale walioendelea na hiyo kazi baada ya Beyer, Peacock kufunga mlango.

Soma nganya

Kama unaona nimechanganyikiwa, kwamba chuma cha Mzungu hakiwezi kuwa chetu kwa sababu tu tulikirekebisha, nenda stage yoyote ya Eastlands ukasimame dakika tano.

Ile nganya inayokuja, chasi ni Isuzu na injini ni Isuzu. Kila mtu anajua imetoka Japani. Lakini msikie kijana wa Buruburu wa miaka 15 aiongelee. Mita mia kabla haijafika ameshakuambia mwili umechongwa gereji gani, kwa sababu anajua mkunjo wa dashibodi yao na jinsi wanavyokata taa za nyuma. Anajua nani alichora graffiti. Anajua nani alifunga mziki, na kama hizo spika zilitolewa kwa gari lingine lililostaafu. Gereji yenyewe imeandika jina lake nyuma, kubwa. Hakuna siku nimesikia mtu Umoja akiita nganya “ile gari ya Wajapani”.

Huyo kijana ni sawa kabisa na yule mzee wa Kiingereza aliyepiga magoti. Wanafanya kazi moja: kutambua mikono kwa kuangalia chuma. Tofauti ni kwamba kijana wa Buruburu ameenda mbele zaidi. Anajua kitu kinaweza kuwa na watengenezaji wengi, mmoja baada ya mwingine, na anawapa wote majina. Chasi ina mwenyewe, mwili una mwenyewe, rangi ina mwenyewe. Hajasoma hiyo popote. Ni akili ya mtaa.

Sasa mbona akili hiyo tunaiacha kwenye lami? Tukivuka uzio na kuingia yadi ya reli ghafla tunakuwa wageni, tunasoma kibati kimoja na kuinamisha kichwa.

Mnaosema hapana

Kuna wale wanasema kukarabati si kuunda. Sawa. Basi mniambie kuunda kunaisha lini. Gurudumu la treni lina ukanda wa chuma unaolika. Unachongwa kwenye mashine ya kukereza, ukiisha unapashwa moto, unatolewa, unavishwa mpya. Breki zinamiminwa na kulika na kumiminwa tena. Beringi za chuma cheupe zinayeyushwa na kumwagwa upya. Springi zinarudishwa motoni. Baada ya miaka 50 kilichobaki cha kwanza ni fremu, nayo imechomelewa viraka, pamoja na kibati. Mnataka nikubali kwamba katika mashine nzima, kitu pekee kinachohesabika ni kile ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote, yaani kibati?

Kuna wale wanasema hii ni kutamani ukoloni kwa njia ya nyuma, eti tunataka kujipiga kifua kwa sababu ya treni iliyokuja kubeba mali yetu. Hapa nitasimama, kwa sababu hoja ina uzito. Ndiyo, reli ilikuja kunyonya. Lakini mimi sitaki majina ya mafundi ili reli isifiwe. Nayataka kama mtu anavyotaka risiti. Huwezi kudai deni la kazi iliyofanywa na watu wasio na majina. Mkoloni alielewa hilo vizuri, ndiyo sababu alitumia nambari.

Na kuna wale, hasa wa rika langu, wanaosema kwa hasira ya mzaha: buda, sisi hatujawahi kutengeneza kitu. Hata sindano. Nimesikia hiyo kauli kwa keja za wasee waliosoma na kwa vibanda vya mutura. Inasemwa na watu ambao babu zao walifungua na kufunga Garratt za tani 252 kwa mikono. Hiyo ndiyo hasara ya kibati kimoja. Kinamtukuza Manchester, na kwa kunyamaza kinamwambia mtoto wa Makongeni kwamba ukoo wake haujui chuma. Kisha tunashangaa kwa nini kijana akiona bidhaa ya Kamukunji anauliza kama kuna ya ng'ambo.

Mwisho, kuna lile jambo la ardhi, ambalo watu wanajifanya halihusiani. Linahusiana sana. Ukishasema treni ni ya Manchester na ardhi ni ya ofisi, anayebaki Muthurwa ni nani? Ni mpangaji tu, mtu wa kupewa notisi. Wakazi wa Muthurwa walienda kortini mwaka wa 2010 walipotakiwa kuondoka, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba namna walivyoshughulikiwa ilikiuka haki zao. Soma kesi kama hizo na uone maneno yanayotumika: mpangaji, kodi, mwenye mali. Hakuna neno linalosema kwamba hawa na wazazi wao ndio waliishika hiyo reli isianguke. Anayetambuliwa kama fundi ana madai. Anayetambuliwa kama mpangaji ana mzigo wa kufunga kwa shuka.

Treni za mitumba

Usidhani haya ni mambo ya mvuke na wazee. Mwaka wa 2020 Kenya ilileta treni za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, ziwe za abiria wa Nairobi. Ziliundwa na CAF, kampuni ya eneo la Basque, na zikafanya kazi huko Mallorca miaka mingi kabla ya kuvuka bahari. Kwa bahati nzuri nazo ni za mita moja, kama reli yetu. Mtandaoni zilichekwa wiki nzima: treni za mitumba, hata reli tunavalia Gikomba.

Mimi sikucheka. Eastlands inajua mitumba kuliko mtu yeyote. Tunajua shati la Gikomba likifika kwa fundi wa cherehani linakatwa, linageuzwa, linatoka likiwa na jina lingine. Mtu anayepanda hiyo treni Makadara saa kumi na mbili asubuhi kwenda tauni anabebwa na bogi iliyounganishwa Uhispania, lakini inayotembea leo kwa sababu kuna fundi Nairobi aliyeingia chini yake jana usiku. Kibati cha CAF kiko ndani ya mlango, kinaonekana. Huyo fundi haonekani popote. Tuko mwaka wa ngapi? Wale wanaume wawili wa toroli bado wako nyuma wanasukuma, ni vile tu paa limekuwa la chuma.

Ninachotaka

Sitaki mnara. Nairobi ina minara ya kutosha na mingi inatumika kuegemea.

Nataka makumbusho iweke kibati cha pili kando ya kila kibati cha kiwanda. Cha kwanza kibaki, kisiguswe, Manchester ni Manchester na Raismes ni Raismes. Cha pili kiseme: imetunzwa Nairobi, kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule, na majina yafuate. Msiniambie majina hayapo. Reli ililipa mishahara, na inalipa pensheni. Ofisi inayojua mahali pa kutuma pesa ya mzee kila mwezi inajua jina la mzee.

Nataka behewa lolote lisiende kwa chuma chakavu kabla ya kusomwa. Mnakumbuka Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu nyaya za umeme na vyuma vya reli vilikuwa vinaibiwa, kisha marufuku ikaondolewa Mei. Wakati huo wote mjadala ulikuwa wa kilo na shilingi. Chuma kina kilo, ndiyo, lakini pia kina maandishi. Herufi za kwenye boksi la ekseli, namba ya karakana iliyogongwa kwa patasi, kiraka cha kuchomelea. Piga picha, andika, halafu yeyusha kama ni lazima.

Na nataka wewe unayesoma hii ukiwa Jeri, Maringo, Mbotela au Kaloleni, ufanye kitu ambacho hakuna mzee wa Kiingereza anaweza kukufanyia. Uliza nyumbani. Nani alifanya reli? Idara gani, namba yake ya kazi ilikuwa ngapi, alisimama kwenye mashine gani, nani alimfundisha na yeye alimfundisha nani? Andika na tarehe. Kama ana kitambulisho cha zamani cha kazi, kipige picha pande zote mbili. Usingoje mazishi ndiyo usikie kwenye wasifu, kwa mistari miwili, kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi shirika la reli.

Kibati cha pili ni kipande cha shaba au bati nene, sentimita 30 kwa 20, na skrubu nne. Ukipeleka majina Kamukunji asubuhi, jioni unakichukua.